Mbegu Moja Iliyozama

Paskazia alizianika zile mbegu kwa moyo safi kabisa, na balaa likaanzia hapo. Kwao Bukoba, maharage ya kupanda huanikwa kwanza. Basi mbegu kumi na mbili za mwajiri wake, Bi Huda, akazipandisha juu ya paa la nyumba, pale mtaani Al Warqa, huko Uarabuni, kwenye jua la Julai lisilo na huruma kwa mtu wala mbegu.

Siku ya pili Bi Huda akaziulizia.

"Nimezianika, madam, zisivunde."

Mama wa watu akaketi. Mbegu hizo aliziokota Malaysia, penye mti wa mwaloni ambao chini yake alikuwa akipumzika na marehemu mumewe walipokuwa maharusi. Aliporudi huko majuzi, alikuta mti umeangushwa kupisha barabara, mbegu zimezagaa chini.

"Mwaloni si maharage, Paskazia," alisema kwa Kiunguja chake cha taratibu, alichorithi kwa wazazi. "Mbegu yake ikikauka, imekufa. Khalas."

Paskazia aliumia. Habari za mti huo alikuwa amezisikia mpaka anaziota: majani mabichi mwaka mzima, upande wa chini yanang'aa kama fedha, na kila mbegu imekalia kikombe chenye pete pete. Akazimwaga zote kwenye ndoo ya maji, kama wanavyochagua mbegu kwao: mbovu huelea, nzima huzama. Kumi na moja zikaelea. Moja ikazama.

Akaipanda kwenye kopo la samli lililotobolewa chini, akalikalisha juu ya kitambaa kibichi, dirishani jikoni, na kila asubuhi akaisalimia.

Wiki saba, kimya.

"Litoe hilo kopo, mwanangu," Bi Huda akasema. "Usijitese. Mimi nimeshakusamehe."

"Wewe umenisamehe, madam. Mimi bado sijajisamehe."

Hata hivyo alitii. Akaliinua, kopo likagoma kidogo, kitambaa kikanyanyuka nalo. Akachungulia chini. Tunduni ulikuwa umechomoza mzizi mweupe, mnene kama njiti ya kiberiti, umekishika kitambaa.

Bi Huda akavaa miwani. Akatazama udongo mtupu juu, akatazama mzizi chini, kisha akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mume wangu ndivyo alivyokuwa. Mwaka mzima nilidhani hanitaki."

Paskazia naye akalia, kwa furaha na kwa kutua mzigo. Kisha wakaenda wote wawili kutafuta ndoo yenye kina, mzizi upate pa kushuka.