Vyura kwenye Sala ya Mvua

Mvua ilikuwa imegoma Bujumbura tangu Septemba, na Waislamu wa Buyenzi wakatoka kwenda uwanjani kuiomba kwa sala. Imamu akageuza joho lake nje ndani, wanaume nao wakageuza makoti yao, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo watoto wa darasa la sita walipoanza kulia kama vyura. Kroo! Kroo! Wala hawakuwa wanacheza, maskini, walikuwa wanasaidia.

Aliyewatia hayo kichwani ni Madamu Assia, mwalimu wao wa historia. Alikuwa amewaeleza juu ya Wamaya wa kale, walioamini kwamba Chaak, mungu wao wa mvua, anakaa mapangoni. Ukame ukizidi, waliingia gizani na vyungu kukinga maji yanayodondoka mwambani, maji ambayo hayajaguswa na mtu. Na wazao wao, akaongeza, huwachuchumaza watoto chini ya madhabahu walie kama vyura, mvua isikie inaitwa. Sasa nani angejua watayafanya kweli?

Jumatatu mzee Massoudi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi inayoajiri walimu, akaingia darasani bila hodi, ananuka grisi ya gareji yake.

"Madamu, waambie hawa watoto sasa hivi kwamba wale watu wa mapango walikuwa wajinga. Ukikataa, chukua sakoshi yako uende."

Kazi ile Assia aliihangaikia sana, na mama yake anamtegemea. Lakini hasira ikampanda ikaipita hofu. Wajinga! Mtu anaona mahindi yake yanakauka, anatambaa gizani na chungu, ndiye mjinga?

"Vyura ni kosa langu, mzee, na nitaomba radhi msikitini mwenyewe. Lakini hilo la ujinga, apana. Mi sisemi."

"Husemi?"

"Sisemi! Chaak si mungu wangu, namwabudu Allah kama wewe. Lakini nilikuona uwanjani, umegeuza koti, machozi yanakutoka. Angepita mgeni asiyejua dini yetu akakuita mjinga, ungemfanyaje?"

Massoudi akatupa macho kwenye madawati. Darasa zima lilikuwa linamtazama.

"Chukua sakoshi," akasema.

Assia akaichukua, akaitundika begani, wala hakuharakisha. Alipofika mlangoni akawageukia watoto.

"Mtihani ukiwauliza kwa nini Wamaya waliingia mapangoni," akasema, "andikeni: walikuwa na watoto wa kulisha."