Nyumba Isiyo na Mafiga

Ukoo wa mume wangu una miiko mingi, na ajabu ni kwamba karibu yote inawaangukia wanawake. Onyango alipofariki niliambiwa nivae koti lake na nisikanyage nyumba ya mtu mpaka nirithiwe. Wa kunirithi alikuwa mdogo wake, Jared. Nilikataa kata kata. Miezi ikapita nikiongea na majirani nikiwa nje juani.

Mwaka 1967 Homa Bay ikafungua jumba la sanaa ndani ya bohari kuukuu ya pamba, kuta zimepakwa chokaa, madirisha makubwa yanatazama ziwa. Nikasikia picha ya Onyango imetundikwa humo. Alikuwa amenichora mimi, akaipeleka huko jumba likiwa bado linatayarishwa, kabla sijaiona, kisha ugonjwa ukamwangusha. Nikapanda basi kutoka Uriri.

Majirani walikuwa wameshamwambia Jared. Nilimkuta mlangoni, amekunja mikono.

"Nyar Karungu, rudi nyumbani," akasema, akiniita binti wa Karungu kwa Kijaluo, mengine kwa Kiswahili ili mji mzima usikie. "Wewe bado uko na kifo. Ukiingia nyumba ya wenyewe utaleta chira."

Watu waliposikia laana imetajwa, wakanipisha. Nikamsogelea Jared.

"Shemeji, hii ni nyumba? Nionyeshe mafiga. Nani analala hapa?"

"Iko na mlango, iko na paa. Ni nyumba."

Nikamgeukia Noordin, msimamizi wa jumba. "Mwenye hii nyumba ni nani?"

Akababaika. "Haina mwenyewe, mama. Ni ya wananchi. Ni yenu nyote."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Umesikia, shemeji? Mjane anakatazwa nyumba ya watu. Kwake mwenyewe nani atamkataza?"

Nikampita. Ndani kulikuwa na vyungu, vigoda na picha za ziwa, na wageni wakinong'ona kama wako kanisani. Yangu ilikuwa kwenye ukuta wa mwisho. Onyango alinichora nikigomba, mdomo wazi, kidole juu! Nikacheka, kisha nikalia kwa sauti, na sikumwomba mtu radhi. Nilimpenda sana yule mwanamume.

"Toka humo!" Jared akapaza sauti. Alibaki nje ya kizingiti, akiogopa chira aliyoitaja mwenyewe.

Sikugeuka.

"Ukitaka kuniona," nikamjibu, "piga hodi."