Ngozi ya Mbuzi ya Msafiri

Mimi sikuomba kazi ya kulea sokwe. Niliomba kazi ya kupika. Lakini mwaka ule wa sabini na mbili, kituo cha wanyama pale juu ya Same kilikuwa na sokwe wawili, na wanaume wa pale walikuwa wakiogopa kuumwa. Basi uji nikakoroga mimi, banda nikafagia mimi.

Sokwe mkubwa, jike, tulimwita Katani. Mzungu wa shamba la mkonge alimfuga kwa mnyororo miaka na miaka, na alipofungasha virago baada ya Azimio, mashamba yalipotaifishwa, akamwacha pale pale mtini. Mdogo tulimwita Msafiri, kwa sababu polisi walimkuta Hedaru ndani ya kreti, juu ya lori la vitunguu, mama yake ameshauawa huko alikotoka. Alipofika kwangu hakula wala hakulia, alitazama ukuta tu. Mtoto asiyelia mimi simwezi. Nikachukua mbeleko niliyombebea Yudith wangu, nikamfunga mgongoni, nikaendelea kusonga ugali. Jioni ile akanywa uji.

Tangu hapo nikiteka maji yuko mgongoni, nikichanja kuni yuko mgongoni. Katani alitutazama kupitia wavu, akinyoosha mkono amguse kisigino.

Siku moja Novatus, bwana nyama wetu, afisa wa wanyamapori, kijana msomi, akanijia jikoni.

"Shikamoo, Mama Yudith."

"Marahaba. Umeleta chumvi?"

"Nimeleta habari."

Habari yenyewe ilikuwa hii: vuli ikikaribia, lori litakuja kumchukua Katani, apelekwe kisiwani, kwenye msitu usio na uzio. Msafiri angekwenda naye ikiwa tu Katani anaweza kumbeba kama mwanawe. La sivyo, kulikuwa na mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka sokwe mdogo wa kuchezeshwa ngoma mbele ya watu.

"Kuchezeshwa ngoma?" nikasema. "Mwiko huu ndio utakaomchezesha huyo mnunuzi."

Tukajaribu. Tulimwingiza Msafiri ndani ya uzio, na Katani akamnusa, akamkumbatia, akamweka mgongoni na kupanda mkuyu. Hajafika tawi la pili, mtoto akadondoka puu! Akaja mbio kwangu analia, mikono juu. Kesho yake tukarudia, akadondoka tena.

"Mama," Novatus akasema, "hajui kushika. Mtoto wa sokwe hushikilia manyoya ya mama yake tangu kuzaliwa. Wewe unamfunga. Mikono yake haijawahi kufanya kazi."

Nilikasirika, wee! Nilimwambia aniondokee, yeye ambaye hajawahi kubeba hata paka. Halafu nikakaa juu ya kinu nikafikiri. Sisi Wapare mtoto tunamkaza kwa mbeleko mpaka hatikisiki, maana mama ana mteremko wa kushuka na jembe mkononi. Kijana alikuwa amesema kweli, na kweli ile ilinichoma.

Nikaikunja mbeleko, nikaifungia sandukuni. Kisha nikachukua ngozi ya mbuzi ambayo mume wangu Asheri huikalia jioni, nikajifunga mgongoni, manyoya nje.

"Dorkas, hiyo ngozi ni ya marehemu baba," Asheri akasema.

"Baba alipenda wajukuu. Ataelewa."

Asubuhi pembe ya msaragambo ikalia. Kwetu pembe hiyo ikilia kila nyumba inatoa mtu, na siku hiyo ilikuwa zamu ya kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Nikaenda na ngozi yangu, Msafiri juu yake. Loh, walivyocheka! Jirani yangu Lukia akatupa jembe chini.

"Jamani, Mama Yudith kaingia uganga!"

"Ningekuwa mganga ningeanza kuutibu mdomo wako," nikamjibu.

Nilipoinama kuzoa tope Msafiri akateleza, akaning'inia kwa mkono mmoja, akaanguka. Akaninyooshea mikono nimwinue. Sikumwinua. Nilichuchumaa, nikampa mgongo, nikangoja. Alilia mpaka watu wakaacha kazi.

"Una roho mbaya wewe," Lukia akasema, na sasa hakuwa akicheka.

Roho mbaya! Machozi yalikuwa yakinitoka, na niliinamisha kichwa ili mtu asiyaone. "Shika, mwanangu," nikasema. "Mimi sitakushika. Shika!"

Akalia tena kidogo. Halafu akapanda, akashika.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, kila siku, mlimani na jikoni. Aliteleza, nikachuchumaa, nikasema shika. Mawingu ya vuli yalipoanza kukaa juu ya kilele cha Shengena, nilikuwa naweza kukimbia mteremkoni naye asianguke, na ngozi ya baba mkwe ilikuwa imeota upara.

Lori likaja. Kabla ya kuwapakia, Novatus alitaka kuona kwa macho yake. "Uko tayari, mama?" akaniuliza.

"Fungua mlango kabla sijabadili nia."

Katani akampokea, akamtupia mgongoni, akapanda mkuyu. Tawi la kwanza. Tawi la pili. Hapo Msafiri akageuka akaniona nimesimama chini, akaachia mkono mmoja na kuninyooshea. Kila kitu ndani yangu kilitaka kumpokea. Nilijua nikifungua mikono tu ataachia na wa pili, na ndipo atakapokwenda kuchezeshwa ngoma. Nikaikunja mikono kifuani, nikaikaza.

"Shika!" nikapaza sauti. "Shika, mwanangu!"

Akanitazama. Kisha ule mkono ukarudi kwenye manyoya ya Katani, ukashika, na Katani akapanda naye mpaka juu kabisa. Novatus alivua kofia, akajifuta macho kwa kisingizio cha vumbi la Same.

Wiki iliyofuata pembe ya msaragambo ililia tena, nikaenda na jembe tu. Lukia alinisogelea tukachimba sambamba, hakutania. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi, na wepesi ule sikuupenda hata kidogo.