Namba Moja ya Ploti Nzima

Trizah aliingia ukumbini Kawangware amemshika mamake mkono, hasira zimemfika kooni. Hospitali ilikuwa imewarudisha asubuhi hiyo. Mamake, Mama Mukai, alipaswa kusafishwa damu kwa mashine saa tano, lakini bima yake ilikuwa imefungwa. Kompyuta ilisema amekufa.

Mbele, Eugene, afisa wa mpango wa kuunganisha kompyuta za serikali, alikuwa akiwaeleza wananchi raha wanayoletewa. Ofisi za vizazi, vifo na matibabu zitapeana habari zenyewe. Kibera walishaanza kwa majaribio, sasa ni zamu ya Kawangware. Kila mtu atatambuliwa kwa namba yake ya simu.

"Yake?" Trizah alisimama bila kuruhusiwa. "Nani alikuambia kila mtu ako na yake? Kwetu Kibera, kijiji cha Raila, mimi ndiye huandikisha watu kliniki. Mwenye hana simu namwekea yangu. Ploti nzima, vyumba vyote, ni namba moja. Mzee Oluoch akakufa, nikapeleka habari kwa chifu, wakaandika hiyo namba kuwa ya marehemu. Kompyuta yenu ikazika ploti yote."

"Hayo ni maoni mazuri, madam. Tutayaweka kwa ripoti."

Maoni. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, miaka miwili anapanga maisha ya watu ambao hajawahi kubisha hodi kwao, halafu mama wa mtu akizikwa hai anayaita maoni. Trizah akaburuta kiti mpaka mbele ya meza, akamkalisha mamake.

"Huyu ndiye marehemu wako. Mwandikie barua ya hospitali kwamba yuko hai, sasa hivi, kwa mkono. Hatutoki."

"Hawatoki," mtu akasema kutoka nyuma. "Hata mimi niko kwa simu ya jirani." Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Watu walikuwa wanasimama, safu baada ya safu.

Eugene akavuta karatasi. Akaandika jina, akaandika hospitali, kisha kwa mazoea akauliza, "Namba ya simu?"

Trizah alitaka kumrukia. Mama Mukai akamzuia.

"Weka yako, kijana wangu," akamwambia Eugene taratibu. "Ndio siku nikikufa, tukufe wote."

Kalamu ilisimama. Kisha Eugene akaomba kitambulisho cha mama, akanakili namba ya hicho kitambulisho bila kuinua macho, akatia sahihi.

Trizah aliichukua barua wino haujakauka, akamwinua mamake. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini kufika saa tano.