Fungu la Ahmadi

Mimi napika vizuri. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu asiyelijua hilo hawezi kuelewa jinsi mkwe wangu Kidawa alivyonichoma roho miaka miwili mizima. Nimetwanga kisamvu kwa mkono wangu, nimekitia nazi ya kwanza na ya pili, nyumba nzima inanukia, halafu binti wa watu ananiambia, "Nimeshiba, mama." Umeshiba nini? Upepo?

Kidawa alikuwa mke wa mwanangu Abilahi. Alitoka milima ya Umatumbi, huko Kilwa ya ndani, akaolewa kwetu upande wa Rutamba. Kwa mengine sikuwa na neno naye. Alikuwa mchapakazi, mpole, na shikamoo yake alinipa kwa goti kila asubuhi bila kukosa. Kasoro yake ilikuwa moja: hakula na watu. Chakula kikiiva alipakua yeye, akahakikisha kila mtu kajaa, kisha akarudi jikoni. Tulipomaliza ndipo tulipomsikia akikwangua sufuria. Alikula ukoko, amesimama, amegeukia ukuta, upesi upesi, na ukiingia ghafla huficha mkono mgongoni kama mtu aliyefumaniwa ameshika kuku wa jirani.

Nilimwuliza Abilahi.

"Mwache, mama," akasema. "Ndivyo alivyo."

Wanaume! Nyumba inaungua, wao wanakwambia moto ndivyo ulivyo.

Kule mashambani aibu hiyo niliweza kuificha, maana jirani wa karibu mpaka umwite kwa ukelele. Lakini mwaka 1974 tuliambiwa tuhamie kijijini, kando ya barabara. Tukaiacha mikorosho yetu, tukajikuta katika nyumba zilizopangwa mstari, mlango unatazama mlango. Ng'ambo yangu alikaa Theresia, Mkatoliki, mcheshi, na binti yake wa miaka sita aitwaye Rosa. Wanawake wa nyumba kumi zetu tulilima pamoja shamba la kijiji, na mchana tulikaa kivulini, kila mmoja akafungua alichokuja nacho, mikono ikaingia. Kidawa aliendelea kulima peke yake mpaka tumalize.

"Bi Mwahija," Theresia akanitania siku moja, "huyu mkweo anatuogopa, au ni sisi tumwogope yeye?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu, mtu asiyekula cha wenzake ama anawadhania wenzake wachawi, ama mchawi ni yeye mwenyewe, na kinywa ni jumba la maneno. Maneno hayo yakishatoka hayana wa kuyarudisha ndani.

Hayo ya watu ningeyavumilia. Lililonikosesha usingizi ni jingine. Mimba ya kwanza ya Kidawa ilitoka ikiwa ya miezi minne. Ya pili ilikuja katika mwaka ule wa njaa tuliopewa unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliuita yanga kwa sababu ya rangi yake. Ilipofika miezi mitano tumbo halikuonekana, lakini mifupa ya mabega ilionekana vizuri kabisa. Nikamshika mkono, nikampeleka zahanati.

Mkunga wetu, Apolonia, alimpima uzito, akatazama kadi, akampima tena. Kisha akamwambia asubiri nje, akanigeukia mimi.

"Bibi, huyu mnamnyima chakula?"

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mimi! Mtu ambaye hata msaka panya akipita nyumbani kwangu anaondoka ameshiba!

"Simnyimi," nikasema. "Hali mwenyewe."

"Basi tafuteni sababu, na muitafute mapema. Amepungua kilo tatu. Akiendelea hivi mtampoteza mtoto, na pengine na yeye."

Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele yake upesi. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu yangu hutoka kwa sura ya hasira. Marehemu mume wangu aliijua hali hiyo, akawa anaondoka nyumbani mpaka ipoe. Nilipofika nikasonga ugali, nikachoma samaki mkavu, nikamkalisha Kidawa mbele ya sahani.

"Leo utakula mbele yangu. Siondoki hapa."

"Nitakula baadaye, mama."

"Sasa hivi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Unataka kuniulia mjukuu wa pili?"

Nakumbuka maneno hayo nilivyoyatamka, na mpaka leo yananiuma. Akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Akakata tonge, akatia mdomoni. Halikushuka. Alilitafuna, akalitafuna, machozi yakamtoka, kisha akatapika pale pale miguuni pangu. Akaanza kufuta sakafu kwa kanga yake huku akisema, "Nisamehe, mama. Nisamehe. Sikula makusudi. Sikula makusudi."

"Hukula nini?" nikauliza. Nilidhani amechanganyikiwa.

Akakaa chini. Akanieleza huku ameitazama ile sakafu, wala hakuinua uso mpaka alipomaliza.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, yeye ana miaka minane. Mvua zilikuwa zimesomba kila kitu huko kwao, watu wakachimba mizizi porini. Mama yake alitoka alfajiri kwenda kuchimba, akamwachia mdogo wake, Ahmadi, mwenye miaka mitatu, aliyekuwa amelala na homa ya surua. Akaacha na bonge moja la ugali wa muhogo, limefunikwa kwa kibia cha udongo. "Hili fungu la Ahmadi," mama alisema. "Akiamka mpe." Kidawa alikaa karibu na kile kibia tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Tangu juzi yake alikuwa hajala. Akafunua anuse tu. Akamega kidogo. Kisha bonge lote likawa limekwisha.

Ahmadi alipoamka aliomba ugali.

Siku mbili baadaye akafa. Walipotoka kuzika, shangazi yake alimtazama mbele ya watu akasema: "Haya, sasa kula ushibe. Hata mdogo wako umemla."

Kitu cha kwanza kilichonijia ni matusi ya kumtukana shangazi yule, na niliyatoa yote, mengine kwa Kimwera maana ya Kiswahili hayakutosha. Nilipomaliza kumtukana mwanamke nisiyemjua, nikakumbuka kwamba dakika chache zilizopita na mimi nilimwambia binti huyu huyu kwamba anataka kuniulia mjukuu. Nikaona haya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, nimelisema neno hilo mara ngapi maishani mwangu bila kulisikia.

"Kidawa, ile ilikuwa surua," nikamwambia. "Surua haiponi kwa bonge la ugali."

"Lakini aliomba, mama. Aliomba, na mimi nilikuwa nimeshiba."

Hapo sikuweza kumdanganya. Kweli aliomba, na kweli alikuta patupu.

"Ulikuwa mtoto," nikasema. "Ulikuwa na njaa ukala. Hata mimi ningekula."

Alisema jambo moja tu, kwamba akitazamwa anapokula, koo linafunga. Basi kesho yake mchana nilitandika mkeka jikoni, nikaweka sahani mbili, nikakaa nimempa mgongo. Yeye naye akanipa mgongo wake. Tukawa tumekaa hivyo, tumeegemeana kama magunia mawili ya korosho, na mimi nimekatazwa kugeuka na kusema. Kukatazwa kusema ndiko kulikonishinda. Siku ile alikula matonge mawili. Ya pili yake matatu. Siku nyingine hakula kabisa, nikanyanyuka kwa kishindo, nikabamiza mlango, kesho yake nikarudi mkekani. Theresia alichungulia akatukuta tumekaa vile, akaguna, akaenda zake. Ninamshukuru kwamba hakuuliza.

Katika kukaa huko ndipo nilipomwuliza, bila kugeuka, "Ahmadi mlimsomea hitima?"

"Hatukusoma. Kulikuwa na nini cha kupika?"

"Hata arobaini?"

"Hata arobaini, mama. Matanga hayakuanuliwa. Watu waliondoka tu, kila mtu akatafute mizizi."

Miaka kumi na tatu! Mtoto amezikwa, na msiba wake hakuna aliyeufunga. Nikavaa kanga yangu nzuri nikaenda kwa Mwalimu Fakihi, aliyekuwa akiwafundisha watoto wetu Kurani, nikamweleza kwamba nataka hitima ya marehemu wa miaka kumi na tatu iliyopita.

"Mbona mmechelewa hivyo?" akauliza.

"Tulikuwa tunatafuta unga."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Haidhuru," akasema. "Dua haichachi. Na kwa kuwa marehemu ni mtoto, sadaka yake wapeni watoto."

Nilipomwambia Kidawa, akaniuliza: "Nani atakuja kumwombea mtu asiyemjua? Na hitima ya ugali wa yanga, bila wali? Watu watasema."

"Waseme. Midomo ni yao, sufuria ni langu."

Siku ya hitima ilikuwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Mwalimu Fakihi alisoma, akamtaja Ahmadi kwa jina lake na jina la baba yake, na watu ambao hawakupata kumwona wakaitikia amina. Kidawa alikuwa mlangoni, amejifunika kanga mpaka machoni. Kisha watoto wakakaa makundi makundi kuzunguka masinia, Waislamu na Wakatoliki, ugali wa njano na kisamvu na samaki, na kwa dakika kadhaa hatukusikia neno, tulisikia kutafuna tu. Kidawa alipita kati yao akiwaongezea mchuzi. Nilimwekea bakuli lake pembeni, ugali na kipande cha samaki, nikitegemea kwamba watu wakishatawanyika tutakaa mgongo kwa mgongo kama kawaida yetu.

Masinia yalikuwa yamefutwa kabisa, watoto wanalamba vidole, mara nikamwona Rosa anakuja mbio. Mama yake alikuwa amemtuma dukani kwenye ushirika, akakuta foleni. Akasimama katikati ya uwanja. Akatazama sinia moja, akatazama la pili. Mdomo ukaanza kumcheza.

"Kimekwisha?" akauliza.

Theresia akainuka ili amwondoe mwanawe, lakini Kidawa alikuwa amekwisha kulichukua lile bakuli lake. Alisimama nalo mbele ya Rosa, analitazama, na mimi nilijua alichokiona humo. Atampa lote, nikajiambia. Atampa lote, na hatakula tena, si leo wala kesho, na yule aliye tumboni naye hatakula. Nilitaka kupiga kelele, "Usimpe!" Nilitaka kumnyima mtoto wa miaka sita chakula, kwenye hitima, mbele ya mwalimu. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Kidawa akakaa chini. Hapo hapo mchangani, katikati ya watoto, akajivua kanga usoni.

"Njoo, kaa hapa," akamwambia Rosa. "Tule."

Akaweka bakuli kati yao. Akaumega ugali kwa vidole, pande mbili, taratibu, mpaka akahakikisha zimelingana. Rosa akaingiza mkono kwanza. Kisha Kidawa akakata tonge, akachovya, akala. Watu arobaini walimtazama akitafuna, na lile tonge likashuka. Nililiona likishuka. Akakata la pili.

Rosa alikuwa mtoto na alikula kitoto, upesi, macho kwenye samaki. Alipomaliza upande wake akanyoosha mkono kukichukua kipande chote. Kidawa akaudaka ule mkono.

"Taratibu, we mtoto," akasema. "Na mimi nina njaa."

Akakikata kipande kile katikati, akampa Rosa nusu, akala nusu yake mpaka kwenye mifupa.

Nilikuwa nalia bila kujificha. Theresia alikuja akasimama karibu nami, akanishika bega, kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la utani. Kidawa akalamba vidole vyake, akatazama ndani ya bakuli tupu, kisha akainua uso akanitafuta kati ya watu.

"Mama," akaita. "Hakuna ugali mwingine?"

"Hakuna!" nikamjibu, sauti ikinikatika. "Lakini unga upo. Ngoja."

Nikapangusa macho, nikaingia jikoni, nikainjika maji.