Gari la Kutembelea

Usiku wa jana niliota nimenunua gari, na hata usingizini lilinipandisha hasira.

Gari lenyewe lipo kweli, linauzwa kwa dalali. Ni la spoti, lililokwisha kutumika, la njano, milango miwili, na liko chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unaanza kwa kuchuchumaa. Nilipanga kwenda nalo kazini kila siku, Goba hadi Posta. Mke wangu Zawena aliniuliza jambo moja tu: "Viti viwili, watoto watatu. Wewe utakaa wapi?" Mimi nikaendelea kuangalia picha za gari.

Halafu kuna Shangazi Mwanakombo, aliyenilea Muheza tangu nina miaka minne. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima, na la kulia daktari amesema halimalizi mwaka. Kila Ijumaa ananipigia simu: "Hemedi, njoo nikuone ningali naona." Na kila Ijumaa namjibu: "Nikipata usafiri, Shangazi." Huu ni mwaka wa tatu. Mabasi ya Tanga yapo kila siku, najua, msinikumbushe. Zawena ananikumbusha vya kutosha.

Jana ilikuwa Ijumaa. Alipiga, nikamjibu vilevile, nikalala.

Ndotoni niko yadi ya magari, tangazo la dalali Mbaruku mkononi. Limeandikwa kama yanavyoandikwa yote: Gari la kutembelea. Njoo na fundi wako. Nami nimekuja na fundi wangu, Fundi Hizza. Fundi Hizza ni fundi cherehani.

"Huyu anashona nguo," Mbaruku anasema.

"Tangazo limesema fundi wangu. Fundi wangu ni huyu. Wa magari ni fundi wa watu wengine."

Fundi Hizza hana habari na sisi. Anavua tepu shingoni, analipima gari mabega, kifua na kiuno, anaandika kwenye kiganja. "Kiuno kipana," anasema. "Tukilipunguza hapa nyuma litakaa vizuri. Niachieni, litakuwa tayari Alhamisi."

"Alhamisi utakuwa hujagusa hata uzi," gari linasema.

Hapo ndipo nilipojua kwamba gari linazungumza. Sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba linamfahamu Fundi Hizza.

Mara tumo barabarani, mimi kwenye usukani, Fundi Hizza pembeni na tepu yake. Saa ya gari inaonyesha saa mbili kasoro robo asubuhi, na jasho linanitoka. Ofisini kwetu tunasaini daftari la mahudhurio, na ikigonga saa mbili kamili Bwana Lyatuu, msimamizi wetu, anapiga mstari mwekundu kwa rula. Ukisaini chini ya mstari umechelewa. Mwezi huu nimesaini chini mara tisa, na amenipa onyo kwamba ya kumi nisiisaini, nirudi tu nyumbani.

"Posta," naliambia gari.

"Kumtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Naenda kazini."

"Basi hiyo si safari yangu. Mimi nimeandikwa gari la kutembelea."

Nikavuta pumzi. "Gari la kutembelea maana yake gari la mtu binafsi. La mizunguko yake. Nchi nzima inajua hivyo."

"Mimi kwenye hicho kikao sikuwepo," gari likasema, likakata kona bila kuniuliza.

Likasimama kwa Mzee Tindwa, jirani yangu wa zamani, likapiga hodi kwa honi. Mzee Tindwa akatoka anatembea vizuri kabisa.

"Nimekuja kukupa pole ya mguu," nikasema, maana alipovunjika nilimwahidi kwamba nikipata usafiri nitapita.

"Ulipona mwaka juzi. Lakini karibu chai."

Chai ikaletwa dirishani, ya moto, imejaa mpaka mdomoni mwa kikombe. Nikasema jamani nimechelewa. Gari likazima injini, likasubiri nimalize. Ulimi umeungua, saa mbili kasoro dakika kumi, na Fundi Hizza anaomba aongezewe kikombe cha pili. Nilitamani kulia.

Tunatoka hapo, tunakutana na tuta. Si tuta la kutisha, ni haya ya kawaida ambayo wananchi hujitengenezea wenyewe. Gari likasimama likasalimu. Tuta likaitikia vizuri, likauliza za nyumbani, likauliza watoto, likauliza mvua kwetu imenyesha. Mimi nauma meno.

"Mmebebana wangapi humo?" tuta likauliza mwishoni.

"Wawili."

"Kwa tumbo hilo mtaniumiza. Mmoja ashuke."

"Ashuke nani?"

"Anayeweza kushuka."

Fundi Hizza akashuka, akatandaza tepu juu ya tuta, akaanza kulipima mgongo. "Hili nalo Alhamisi," akasema, na sikumwona tena.

"Na wewe hushuki?" tuta likaniuliza.

"Dereva hashuki."

"Haya," tuta likasema. Mnaijua ile haya ya mtu mzima aliyekwisha kukukatia tamaa. Tukapita, likatukwaruza tumbo lote kutoka mbele hadi nyuma, taratibu, kwa makusudi.

Kwenye kioo cha pembeni naona mstari mwekundu unakuja nyuma yetu. Umeziba barabara kutoka ukingo hadi ukingo, umenyooka, hauna haraka. Nyuma yake anatembea Bwana Lyatuu na rula yake, anaunyoosha kila unapotaka kupinda.

"Kimbia," naliambia gari. "Wewe si la spoti?"

"Mbele kuna foleni."

Gari hili limeandikwa kwenye kipimo chake cha mwendo kwamba linafika kilomita mia mbili na arobaini kwa saa. Tunakwenda nne. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maandazi anatupita kwa miguu, anarudi kutuuliza kama tunataka, anatupita tena.

"Halafu orodha bado ndefu," gari linasema.

"Orodha gani?"

"Ya wote uliowaambia nikipata usafiri nitakuja. Sasa usafiri umepata."

"Hayo ni maneno ya simu! Watu wote wanasema hivyo. Wewe ungependa nimwambie mtu sitaki kuja?"

"Mimi sijasema kitu," gari likasema. "Mimi natembelea tu."

Kona iliyofuata tulianza kuikata tukiwa Ubungo. Tulipoimaliza tulikuwa Muheza. Machungwa yamepangwa kando ya barabara mafungu mafungu, na tulipopita moja likamuuliza mwenzake, "Kamletea nini?" Mwenzake akanichungulia, akamjibu, "Mikono mitupu."

Nyumba ni ileile, na bati lake ni lilelile lenye kiraka. Shangazi Mwanakombo akatoka, kiganja kimoja kinapapasa ukuta, kingine kiko mbele. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Mkono wake wa mbele ukagusa paa la gari, ukazunguka juu yake.

"Nani kaniwekea meza uani?"

"Ni mimi, Shangazi. Hemedi."

"Hemedi? Mbona sauti inatoka chini hivyo, umeketi mkekani?"

"Nimo ndani ya gari."

"Kumbe usafiri umepata."

"Nimepata."

Akacheka, na kicheko chake hakijazeeka hata kidogo. "Basi shuka nikuone. Una bahati, leo jicho limeamka vizuri. Asubuhi nimemwona hadi kuku, na rangi yake nimeijua."

Nikatazama kioo. Mstari mwekundu umeshafika kwenye ua. Unasubiri pale kwenye miiba, na Bwana Lyatuu anaangalia saa yake. Ukinipita, hiyo ndiyo ya kumi.

"Nimechelewa kazini, Shangazi. Nitarudi. Sasa usafiri ninao, nitakuwa nakuja mara kwa mara."

Akajaribu kuinama. Aliweka mkono kiunoni, akashuka kidogo, magoti yakakataa. Akajaribu tena kwa upande wa pili. Nilikuwa naona doti ya khanga yake na vidole vyake tu, uso wake ulikuwa juu huko, na uso wangu ulikuwa chini huku.

"Huko sifiki, baba," akasema.

Akatoa chungwa kwenye pindo la khanga, limeshamenywa, akalipitisha dirishani kwa kupapasa mpaka likakuta kiganja changu. "Kula njiani."

"Shuka," gari likaniambia.

"Washa."

"Mlango uko wazi."

"Nimesema washa."

Likawasha. Asubuhi nzima lilikuwa linabishana nami kila hatua, na hapo lilitii mara moja, bila hata neno la kuniudhi. Hilo ndilo lililoniuma. Kwenye kioo nikamwona Shangazi amesimama palepale, anapunga mkono, ameelekea upande ambao sisi hatukwenda.

Tukafika Posta kwa dakika moja. Hakuna foleni wala tuta. Nikatambaa kutoka garini hadi nje, nikakimbia hadi getini, na geti limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi anapiga mswaki.

"Fungua, nisaini kabla ya mstari."

"Leo Jumamosi, kaka," mlinzi akasema, akatema povu.

Nikageuka. Mstari mwekundu ulikuwa umejikunja kando ya barabara, umelala. Nilikasirika hata sikujua nimkasirikie nani, nikaling'ata lile chungwa kwa nguvu zote, na hapo nikaamka.

"Umetukana matuta usiku kucha," Zawena akasema, amejifunika shuka hadi kichwani.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi. Kwenye simu kuna ujumbe wa dalali Mbaruku: saa tatu nisikose, niende na fundi wangu. Nikaketi kitandani. Chini ya ulimi palikuwa na kitu kidogo kigumu, nikakisogeza kwa ulimi hadi mbele ya meno. Ilikuwa mbegu ya chungwa. Nyumbani kwetu chungwa halijaingia tangu Ramadhani.

Simu ikaita ikiwa bado mkononi. Alikuwa Shangazi, ambaye hapigi Jumamosi hata siku moja.

"Hemedi, umefika salama?"

Ni swali la kumuuliza mgeni aliyekwisha kuondoka kwako. Nikajibu kwa mazoea, "Nimefika, Shangazi."

"Alhamdulillahi." Nilimsikia anavuta kiti, anaketi. "Mbona hukushuka, baba?"

Nikafungua mdomo niseme yale ninayosema kila Ijumaa. Ile mbegu ikanikwama kooni. Nikakohoa hadi machozi yakanitoka, Zawena akaamka akanipiga mgongoni, na muda wote huo Shangazi alikuwa kwenye simu, ananisubiri nimalize.

"Nakuja na basi la saa mbili," nikamwambia. "Nitashuka."