Waulizao Njia ya Saint-Aubrin

Daktari alimruhusu Yvon kuendesha baiskeli kwa sharti moja tu: polepole. Vilima avipande kwa miguu, na asishindane na mtu. Mkewe, Ghislaine, hakuwa na shida nyingine duniani. Alikuwa na mume mwenye moyo ulioshonwa, na alitaka kumrudisha nyumbani, mjini Tours, akiwa hai, basi. Hayo mashamba ya ngano na ng'ombe weupe wa mkoa wa Berry angeweza kuyatazama kwenye televisheni.

Yvon naye, tangu astaafu kupeleka barua, alikuwa hana raha mpaka awe juu ya baiskeli. Na popote alipopumzika lazima anywe kahawa ya moto. Kahawa ya chupa, alisema, ni maji ya kuoshea masufuria. Kwa hiyo mchana mmoja mvua ilipokatika, wakafika, kila mmoja na baiskeli yake, njia panda juu ya kilima, penye mwaloni mkubwa wenye shimo kwenye shina. Akashuka na kutoa kisufuria chake.

"Kuni zote zimelowa, bwana. Kunywa maji twende," Ghislaine akamwambia.

"Wewe ngoja. Mti huu una stoo yake."

Akaingiza mkono kwenye shimo, akatoa vijiti vikavu vilivyofungwa kwa uzi viwili viwili, kimoja kimekingama juu ya mwenzake. Vilikuwa tele.

"Watoto wa huku wamekosa vya kuchezea," akasema, akavivunjavunja na kuviwasha. Ghislaine alikuwa anakata jibini, hakuvitazama sawasawa. Laiti angevitazama! Kahawa ilikuwa tamu, hata yeye aliomba aongezewe.

Hawajafika mbali, wakamkuta mwanamume amesimama katikati ya barabara, suti nyeusi, nywele zimechanwa zikalala.

"Samahani, bwana. Njia ya Saint-Aubrin ni ipi?"

Ukitaka kumfurahisha Yvon, muulize njia. Alikunjua ramani, akamweleza kona baada ya kona. Yule mtu alisikiliza kwa adabu, akashukuru, kisha akabaki palepale. Ghislaine alipogeuka nyuma aliviona viatu vyake. Vilikuwa vipya, havina hata tone la tope, na barabara ilikuwa uji mtupu.

Mbele kidogo walimkuta bibi kizee mwenye gauni la hariri, rozari mkononi. Naye Saint-Aubrin. Kisha msichana aliyevaa nguo za kipaimara. Naye Saint-Aubrin. Wote walisema kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini ghafla.

"Kuna harusi huko," Yvon akacheka, "na bwana harusi kasahau kuwaelekeza wageni."

"Harusi gani watu hawana gari wala mwavuli?"

"Wivu huo, mke wangu. Hatukualikwa."

Ghislaine hakucheka. Alitamani jua lisizame kabla hawajapata pa kulala.

Walilala kwa Mama Pasquet, mjane mnene mwenye ulimi wa pilipili, aliyekuwa na nyumba ya wageni bondeni. Mezani, kuku wa divai alipokuwa anapakuliwa, Yvon akauliza Saint-Aubrin kuna sherehe gani.

Upawa wa Mama Pasquet ukasimama hewani. "Sherehe? Saint-Aubrin haishi mtu, bwana. Kuna kanisa na makaburi. Sisi wa huku sote tunazikwa kule."

"Basi leo mmemzika nani? Maana njia nzima watu wanauliza…"

"Mlipita kwenye mwaloni? Mlishika kitu pale?"

Ghislaine akamtazama mumewe. Basi Mama Pasquet akawaeleza, akiwa bado amesimama. Watu wa pale wakipeleka jeneza hupumzika chini ya mwaloni, wakaweka shimoni msalaba mdogo wa vijiti, kwa sababu marehemu akifika njia panda huchanganyikiwa. Msalaba ukiwepo anaijua njia yake, anatulia. Ukiondolewa, anarudi barabarani kuuliza.

Yvon alitazama mikono yake. "Nilichemshia kahawa," akasema.

Mama Pasquet hakumtukana, na hapo ndipo Ghislaine alipoogopa kwelikweli. Mama yule alikaa tu kitini, akauliza kwa upole, "Mume wangu alikuwa na masharubu makubwa. Hamkumwona?"

Asubuhi Ghislaine alimkuta Yvon kwenye ngazi ya nje, macho mekundu, misalaba mipya imejaa mapajani.

"Leo tunapanda treni, Yvon. Tunarudi nyumbani."

"Nikishairudisha hii."

"Mpe mama mwenye nyumba, ataipeleka. Kilima kile si chako."

"Nimebeba barua za watu maisha yangu yote, sikupoteza hata moja. Leo nimewapotezea watu njia, mke wangu. Tena wafu, wasioweza hata kunishtaki!"

"Na mimi je? Moyo wako ukigoma, mimi nitamshtaki nani?"

Akambusu kwenye paji la uso. "Nitakwenda polepole."

Mwongo mkubwa! Kwenye kona ya kwanza yule wa suti nyeusi alikuwa anangoja, na nyuma yake bibi wa rozari, na nyuma yao wengine, wamejipanga kando ya barabara na nguo zao nzuri. Wote walikuwa wanamuuliza yeye. Yvon alisimama juu ya pedali. "Nakuja, jamani! Subirini kidogo!" Ghislaine alimwita mpaka sauti ikamkauka, naye akapotelea kwenye kona.

Ghislaine alisukuma baiskeli yake nyekundu akilia na kumlaani kwa pamoja. Karibu na kilele waulizaji wakaanza kupungua. Mmoja mmoja waligeuka, wakashika njia ya kushoto, ya Saint-Aubrin, bila haraka, kama watu wanaotoka misani. Wa mwisho alikuwa na masharubu makubwa. Alimwinamishia Ghislaine kichwa, akaenda zake. Basi amefika, Ghislaine akawaza, ameirudisha, na moyo wake ukajaa furaha.

Shimo la mwaloni lilikuwa limejaa misalaba mipya. Baiskeli ya Yvon ilikuwa imelala majanini, na Yvon amelala kando yake kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua.

Na Yvon alikuwa amesimama njia panda, shati limefungwa vifungo vyote, nywele zimechanwa.

"Samahani, bibie," akasema. "Hujamkuta mke wangu njiani? Ana baiskeli nyekundu. Nilimdanganya kidogo, nadhani amenuna."

Ghislaine alishika usukani kwa nguvu zote asianguke. Ndiye mimi, alitaka kupiga kelele, nitazame! Lakini angemwambia hivyo asingeondoka. Angebaki barabarani pale, mvua na jua, akimuuliza kila apitaye.

"Nimemkuta," akasema. "Hajanuna. Yuko nyuma, anasukuma. Amesema utangulie." Akanyoosha mkono kuionyesha njia ya kushoto.

Yvon akaitazama ile njia, akaridhika nayo.

"Ahsante, bibie. Mwambie asiharakishe."